Msimu wa mpunga na mtoto wa shule Mkula

Mpunga ukianza kutunga punje, watu wengi wa kijiji cha Mkula, katika Bonde la Kilombero, kama jirani zao wa upande wa Ifakara, huhamia bondeni. Masufuria, vyandarua na mikeka vinabebwa, na mzazi analala shambani kwa wiki, hata miezi, akiamia ndege mchana na kufukuza nguruwe pori usiku. Mtoto wa shule je, aende au abaki?

Akienda, hajipotezei muda bure. Pale juu ya dungu anashika kombeo, anavuta kamba yenye makopo, anawajua kwelea kwa mlio kabla hawajatua. Anajua pia kwamba chakula cha nyumbani kinamtegemea. Wandamba na Wapogoro wamelea hivyo vizazi na vizazi, na anayeyaita malezi hayo ujinga anawakosea heshima. Lakini kwa sehemu kubwa ya Aprili na Mei shule ziko wazi, na akirudi anakuta wenzake wameshavuka hesabu za sehemu.

Akibaki, mara nyingi mzigo unamwangukia binti. Anakoka moto alfajiri, anaosha wadogo zake, anafika darasani amechoka. Kama hakuna bibi wala shangazi pale nyumbani, hata usalama wake ni wa mashaka.

Tusiisingizie mila peke yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu karibu na barabara, shule na zahanati, huku mashamba mengi yakibaki mbali bondeni. Na hii ni nchi ambayo mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga mtoto na jamii yake!

Kufuta ada hadi kidato cha nne, kuanzia 2016, kulikuwa jambo kubwa. Ila ada siyo inayomtoa darasani mtoto wa msimu wa mpunga. Kinachomtoa ni umbali wa shamba. Ndiyo maana skimu ya umwagiliaji ya Mkula ina thamani kubwa kuliko magunia yake: shamba likiwa jirani, mtoto anatoka shule, anaamia ndege jioni, analala kwao.

Kwa wenye mashamba ya mbali, kamati za shule ziwaite wazazi mapema, kabla hawajahama. Wakubaliane ni mtu mzima gani atalala na watoto, na kila kaya ichangie debe la mpunga kwa chakula cha mchana shuleni.