KUACHISHWA KAZI KWA BARUA PEPE: HAKI ZA MFANYAKAZI ALIYEAJIRIWA TANZANIA BARA

Wananchi wa Unguja na Pemba walioajiriwa na makampuni, mahoteli na taasisi binafsi za Tanzania Bara wanafahamishwa haki zao pale mwajiri anapowaachisha kazi kwa barua pepe. Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba masuala ya kazi si jambo la Muungano. Aliyeajiriwa hapa Zanzibar huongozwa na Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Nam. 1 ya 2005. Aliyevuka bahari na kufanya kazi Dar es Salaam, Tanga au Arusha huongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Nam. 6 ya 2004 ya Tanzania Bara, na ndiyo inayoelezwa hapa.

Ipo dhana iliyoenea kwamba barua isiyokuwa na karatasi, muhuri wala saini ya wino si barua, na kwa hivyo aliyeletewa habari hiyo kwenye simu yake bado ni mfanyakazi mpaka aitwe ofisini akabidhiwe bahasha. Dhana hiyo imewaponza wengi. Sheria inataka notisi ya kusitisha ajira iwe ya maandishi, ieleze sababu na itaje tarehe iliyotolewa. Haikutaja karatasi. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Nam. 13 ya 2015 imeweka wazi kwamba maandishi hayakosi nguvu kwa sababu tu yamo katika njia ya kielektroniki. Anayeshikilia kwamba barua pepe ni batili, basi, anashikilia hoja dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Hoja yenye nguvu ni hii: mwajiri alikuwa na sababu gani, na kabla ya kuandika alifuata utaratibu gani? Sheria inamtaka athibitishe yote mawili, yaani sababu halali na ya haki inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kupatana kwake na kazi au mahitaji ya uendeshaji, na pia utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa mfanyakazi. Kwa makosa ya nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka uchunguzi ufanyike, mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoifahamu, apewe muda wa kujitayarisha usiopungua saa 48, na asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Barua pepe inayomfikia mtu usiku, ikimwambia asirudi kesho, hali hajapata kuitwa wala kuulizwa, kwa kawaida huwa yenyewe ni ushahidi kwamba hatua hizo zilirukwa.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya kawaida duniani, wakitoa mfano wa kampuni ya RadioShack ya Marekani, ambayo mwezi wa Agosti 2006 iliwaarifu wafanyakazi wapatao 400 kwa barua pepe kwamba nafasi zao zimeondolewa. Mfano huo haufai kuigwa hapa. Katika sehemu kubwa ya Marekani mwajiri anaweza kumwondoa mtu bila ya kutoa sababu, Tanzania hawezi. Hata anapopunguza wafanyakazi kwa ukosefu wa fedha, analazimika kutoa taarifa ya kusudio lake mapema, kueleza sababu, na kushauriana juu ya njia za kuepuka upunguzaji na namna ya kuwachagua watakaoondoka. Barua ndiyo hatua ya mwisho.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28, au alipwe mshahara wa siku hizo. Notisi haitolewi mtu akiwa katika likizo yake ya kisheria. Anayeondoka anastahiki mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi. Aliyetimiza mwaka mmoja anastahiki pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, kwa miaka isiyozidi kumi, isipokuwa kama ameondolewa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu.

Linalohitaji haraka ni muda. Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Anayekaa kungojea karatasi yenye muhuri anazipoteza siku hizo moja baada ya moja. Na asitegemee kujitetea kwamba hakuifungua barua hiyo.

Siku hiyo hiyo aichapishe barua pepe pamoja na tarehe, saa na anwani ya mpelekaji, au aipeleke katika anwani yake binafsi, kwani waajiri wengi huifunga anwani ya kazini mara moja. Mkataba na hati za mshahara vihifadhiwe pamoja nayo. Nyaraka za siri za kampuni asiziguse. Hizo zitampa mwajiri sababu ambayo pengine hakuwa nayo.

Shauri hufunguliwa kwa Fomu Nam. 1 ya Tume, na nakala hupelekwa kwa mwajiri. Huanza kwa usuluhishi, na ukishindikana hufuata uamuzi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya kudai kuachishwa isivyo haki, na watumishi wa umma wana ngazi zao za rufaa ambazo ni lazima wazimalize kwanza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kuonesha sababu ya msingi. Fomu hupelekwa katika ofisi ya Tume ya eneo ambako mgogoro umetokea, hivyo aliyeachishwa kazi Bara asipande boti kurudi nyumbani kabla ya kuiwasilisha.