Mabaka usiku baada ya kula nyama: Ni pumu ya ngozi au ni kupe wa malishoni?

Mtu amekula katogo ya ndizi na utumbo saa moja jioni, akalala vizuri tu. Saa saba usiku anaamka anajikuna mwili mzima. Mgongo na mapaja vimejaa mabaka yaliyovimba, midomo imekuwa mizito, tumbo linakata. Kunapopambazuka mabaka yameshapotea. Mmoja nyumbani anasema ni pumu ya ngozi, mwingine anasema ni kunguni, na wa tatu anatoa ushauri ambao kila anayewashwa ameshaupata: "Acha nyama nyekundu."

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umechanganya magonjwa mawili tofauti. Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera zenye ng'ombe wa pembe ndefu wa Ankole, mbuzi na malisho mapana, kuyatenganisha ni jambo la maana. La kwanza linasumbua. La pili linaweza kuua.

Pumu ya ngozi huanzia kwenye ngozi yenyewe

Pumu ya ngozi, ambayo hospitalini huitwa ekzima, ni ngozi isiyoshika unyevu. Ukuta wake una nyufa ndogo, maji yanatoka, vumbi na sabuni kali vinaingia, na kinga ya mwili inajibu kwa kuwasha. Mara nyingi huanza utotoni na hurithiwa. Unakuta mtoto ana ukurutu, baba ana pumu ya kifua, shangazi anapiga chafya kila msimu wa vumbi.

Dalili yake ni ngozi kavu, yenye magamba, inayowasha wiki nzima au mwezi, hasa nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya viwiko na shingoni. Kwa watoto wachanga hushika mashavu. Kwenye ngozi nyeusi haionekani nyekundu kama picha za mitandaoni zinavyoonyesha. Huwa kijivu au nyeusi zaidi, na mara nyingine hutoa vipele vidogo vigumu.

Chakula kinaweza kuichochea kwa baadhi ya watoto, hasa wale wenye ukurutu mkali. Lakini wanaotajwa sana ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, ngano, soya na samaki. Nyama ya ng'ombe iko mbali kwenye orodha. Watoto wachache wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huisumbukia nyama yake pia, kwa sababu kuna protini ambazo zimo kote kuwili, na wengi wao huivumilia ikiwa imeiva sana.

Kwa hiyo kumnyima nyama mtoto mwenye ukurutu bila kupima ni hasara. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto anayekula ndizi kila siku anahitaji madini ya chuma na protini kutoka kwingine, na kipande cha nyama ni njia mojawapo. Kinachomsaidia ngozi yake ni mafuta ya mgando mara mbili au zaidi kwa siku, hasa akitoka tu kuoga, sabuni isiyo kali, na dawa ya kupaka aliyoandikiwa kituo cha afya. Krimu za kuchanganywa mtaani ni hatari, kwa kuwa nyingine zina steroidi kali zinazochubua ngozi na kuilainisha kupita kiasi.

Halafu kuna upele. Kama nyumba nzima inawashwa usiku, na vipele viko katikati ya vidole na kiunoni, hiyo si nyama wala si pumu ya ngozi. Ni wadudu, na wanatibiwa watu wote wa nyumba siku moja.

Mzio wa nyama unaochelewa

Ugonjwa wa pili ndio huu wa yule aliyeamka saa saba usiku. Kwa miaka mingi madaktari waliuona bila kuuelewa, kwa sababu mzio wa chakula wanaoufahamu hutokea ndani ya dakika chache. Mtu akila karanga, midomo inavimba hapo hapo. Nyama iliyoliwa jioni ikaleta shida usiku wa manane, nani angeishuku?

Fumbo lilianza kufumbuka Marekani kupitia dawa ya saratani iitwayo setuksimabu. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali mara tu walipochomwa dozi ya kwanza, na walikuwa wengi zaidi katika majimbo ya kusini mashariki kama Tennessee na North Carolina. Mwaka 2008 timu ya Profesa Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia ilichapisha jibu: damu yao tayari ilikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya sukari iliyomo ndani ya dawa hiyo, sukari inayoitwa alfa-gali.

Sukari hiyo imo katika miili ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na wanyama wengine wengi wanaonyonyesha. Binadamu hana, na nyani hana. Kuku na samaki hawana.

Profesa mwenyewe alikuja kuwa mgonjwa wa ugonjwa wake. Mwaka 2007 alitembea milimani Virginia, akarudi nyumbani vifundo vya miguu vimejaa vitoto vya kupe. Miezi michache baadaye alikula nyama ya kondoo jioni, na usiku akaamka ana mabaka mwili mzima. Kupe anapouma hutema mate, na mate hayo yanaweza kuifundisha kinga ya mwili kuiona alfa-gali kama adui. Baada ya hapo, siku mtu akila nyama, mwili unapigana nayo. Kuchelewa kwake kunahusishwa na mafuta ya nyama, ambayo huchukua saa kadhaa kumeng'enywa na kufika kwenye damu. Ndiyo maana dalili huja saa mbili hadi sita baada ya mlo, na ndiyo maana nyama yenye mafuta, utumbo na figo husumbua kuliko mnofu mkavu. Bia na kazi nzito baada ya kula huongeza makali. Nyama choma na chupa mbili tatu, basi, ni mlo mbaya sana kwa mtu wa namna hiyo.

Si Marekani peke yake

Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilikadiria mwaka 2023 kwamba huenda Wamarekani wapatao 450,000 wameathirika tangu 2010. Hata hivyo huu si ugonjwa wa Wazungu. Huko Mqanduli, eneo la wafugaji katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, watafiti waliwalisha watu nyama chini ya uangalizi wa madaktari na kuthibitisha mzio huo kwa wengi waliolalamika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wengi wao hawakutoka mabaka kabisa. Walikuwa wanaumwa tumbo tu, kitu ambacho hapa kwetu kingeitwa vidonda vya tumbo au minyoo na kuishia hapo.

Zimbabwe nayo ilileta funzo la upande mwingine. Watafiti waliripoti mwaka 2011 kwamba wagonjwa wenye vimelea walikuwa na kingamwili hizo za alfa-gali kwenye damu. Kwa maneno mengine, kipimo cha damu kikisoma chanya peke yake hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Kinachopima ni historia: alikula nini, saa ngapi, dalili zikaja saa ngapi, na je, ilijirudia?

Kagera kupe wapo wa kutosha. Mfugaji yeyote wa Nkwenda au Nyaishozi anawajua kwa ndigana kali inayomalizia ndama, na anajua gharama ya dawa ya josho. Kupe hupanda pia wanyamapori, na wilaya hizi zimepakana na hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilizotangazwa mwaka 2019. Anayechunga, anayekamua na anayekata majani ya ng'ombe huumwa mara nyingi kuliko muuza duka wa Kayanga.

Kuna neno la kufurahisha hapa. Koo za Wanyambo zina muziro, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo haukili. Kiswahili cha zamani nacho kilitumia mzio kwa maana ya mwiko wa chakula, kabla madaktari hawajalichukua kwa ajili ya aleji. Ila muziro ni wa ukoo mzima na unarithiwa. Mzio wa kupe humpata mmoja akiwa mtu mzima, baada ya kula nyama maisha yake yote bila shida, na ndugu zake wakaendelea kula kama kawaida.

Afanye nini anayejishuku

Kwanza aandike. Daftari la shule linatosha: mlo, saa, dalili, na kama aliumwa na kupe wiki au miezi ya karibuni. Mabaka yanayohama na kuisha ndani ya siku moja yanaelekea kwenye mzio. Ukavu usioisha unaelekea kwenye pumu ya ngozi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Anayehitaji bingwa wa ngozi anaweza kupewa rufaa hadi Bugando jijini Mwanza, au KCMC Moshi, ambako kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990.

Wakati akisubiri, aache ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, pamoja na supu zake. Kuku, sato, dagaa, mayai na maharage vinabaki mezani. Maziwa wengi huyavumilia, wachache hapana.

Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza mwasho. Havitoshi pale mtu anapokosa pumzi, sauti inapokauka, anapotapika mfululizo au anapoishiwa nguvu na kutaka kuzimia. Hapo dawa ni sindano ya adrenalini, na ni safari ya hospitali usiku huo huo, iwe kwa bodaboda au kwa gari la jirani, bila kungoja asubuhi. Mwishoni mwa 2025 timu ya Virginia iliripoti kifo cha mwanamume wa miaka 47 kutoka New Jersey. Alikula nyama, akaugua vibaya usiku, akapona bila kujua sababu. Wiki mbili baadaye alikula baga na akafa saa chache baadaye.

Kupe akikutwa amenasa, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu, wima. Mafuta ya taa na kijiti cha moto havifai, kwa kuwa humfanya ateme mate zaidi. Gambuti na suruali ndefu malishoni, kujikagua jioni nyuma ya magoti na kinenani, na kuogesha mifugo kwa ratiba hupunguza kuumwa. Wagonjwa wengine wasioumwa tena kwa mwaka mmoja au miwili kingamwili zao hushuka, na wapo wanaorudi kula nyama kidogo kidogo wakiwa na daktari.

Aliyethibitishwa amwambie pia mhudumu wa dawa. Maganda ya vidonge vingi vya kapsuli hutengenezwa kwa jelatini inayotokana na ng'ombe au nguruwe.