Mwezi Utakapopatwa Usiku wa Kufunga Mwaka 2028

Jumapili tarehe 31 Desemba 2028, wakati watu wa Kenya watakapokuwa wakijitayarisha kwa mkesha wa mwaka mpya, mwezi mpevu utapatwa kabisa. Yafaa watu wajue habari hii mapema, maana asiyejua saa yake huweza kutishwa na yule aijuaye.

Jambo la namna hiyo lilitokea katika kisiwa cha Jamaica mwaka 1504. Baharia Christopher Columbus alikuwa amekwama huko, merikebu zake zimetobolewa na wadudu wa baharini. Wenyeji waliokuwa wakimlisha yeye na watu wake kwa miezi mingi walichoka, wakaacha kuleta chakula. Lakini Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota, nacho kilionyesha ya kuwa mwezi ungepatwa usiku wa tarehe 29 Februari. Akawaita wakubwa wao, akawaambia kwamba Mungu wake amekasirika nao na ataonyesha ishara mbinguni. Mwezi ulipoanza kufunikwa watu walilia, wakaja mbio na vyakula, wakamsihi awaombee. Yeye akajifungia chumbani mwake akingoja wakati upite. Kivuli kilipokaribia kuondoka akatoka, akasema wamesamehewa. Hakuwa na uwezo wowote juu ya mwezi. Alikuwa na kitabu tu.

Sababu yenyewe ni kivuli. Dunia, kama kitu chochote kinachomulikwa na jua, ina kivuli nyuma yake, nacho hufika mbali kuupita mwezi, ulio umbali wa maili 239,000 hivi. Mwezi hauna nuru yake wenyewe; ukiingia katika kivuli hicho hunyimwa mwanga wa jua. Anayetaka kuwaonyesha watoto na awashe taa katika chumba chenye giza, ashike chungwa mbele ya taa, kisha apitishe ndimu polepole nyuma ya chungwa. Jambo hili halitokei kila mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kidogo, hata mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli.

Wekundu unaowaogopesha wengi si damu. Nuru kidogo ya jua hupenya katika hewa inayoizunguka dunia, ikapindwa, ikaufikia mwezi. Na katika kupenya huko hubaki rangi nyekundu, ile ile ionekanayo jua linapokuchwa. Ndivyo mwezi ulivyokuwa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, tangu saa 2 na nusu hata saa 3 na dakika 52 usiku.

Sasa saa za mwaka 2028, kwa saa za Kenya. Kivuli kitaanza kuugusa mwezi karibu na saa 12 na dakika 7 jioni, kabla haujatoka. Basi utakapotokea, jua likitua, utakuwa umekwisha kumegwa upande mmoja. Utafunikwa wote kuanzia saa 1 na dakika 16 usiku hata saa 2 na dakika 28, na kivuli kitauacha kabisa saa 3 na dakika 36. Saa hizi ni moja kwa Mombasa na Kisumu, ila mtu wa Mombasa atauona mapema kidogo, ukitoka baharini, maana kwake jua hutua kwanza. Akitokea mtu wa kudai malipo ili aurudishe mwezi, ataanza kuurudisha saa 2 na dakika 28, alipwe asilipwe.

Atakayeutazama na atafute mahali peupe pasipo miti wala nyumba upande wa mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Mwezi uliofunikwa ukiwa bado chini hufifia sana; mtu asidhani umepotea, bali angoje upande juu. Macho hayadhuriki hata kidogo, tofauti na kupatwa kwa jua, ambako kutazama bila kinga kwaweza kupofusha. Hapana haja ya miwani wala darubini. Waislamu wanayo sala yao maalum ya wakati huo, na kujua saa mapema kutawasaidia kukusanyika.

Mawingu yakiuficha usiku huo, mwezi utapatwa kabisa tena usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 21 Desemba 2029, kwa dakika 54 tangu saa 7 na robo, nao utakuwa juu sana mbinguni.