Wanaovilea Vimelea vya Malaria

Maabara ya chuo kikuu inayochunguza vimelea vya malaria huwa na watu wa fani na ngazi mbalimbali: profesa anayeiongoza, watafiti waliokwisha hitimu uzamivu, wanafunzi, wateknolojia wa maabara, wafugaji wa mbu na wataalamu wa kompyuta. Wengi wao hushughulikia Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha sehemu kubwa ya vifo vya malaria barani Afrika.

Kazi hiyo ilipata msingi mpya mwaka 1976. Kabla ya hapo watafiti walitegemea damu ya wagonjwa au ya kima walioambukizwa, kwa kuwa kimelea hiki hakikudumu nje ya mwili. Mwaka huo William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kwamba wamefaulu kukikuza mfululizo ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu. Waliziweka chembe hizo katika maji yenye virutubisho, kwenye joto la nyuzi 38, ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na mshumaa unaowaka. Mshumaa ulipozimika, oksijeni ilikuwa imepungua na kabonidayoksaidi imeongezeka, hali inayokifaa kimelea. Siku hizi maabara nyingi hutumia mchanganyiko wa gesi kutoka kwenye mitungi.

Malezi ya kila siku yako mikononi mwa wateknolojia na wanafunzi. Ndani ya damu, kimelea hukua na kugawanyika kwa mzunguko wa saa 48 hivi, kisha chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya, kwa kawaida 16 hadi 32. Mzunguko huo haujui Jumapili wala sikukuu. Maji ya virutubisho lazima yabadilishwe na chembe mpya, zinazotokana na damu ya wachangiaji iliyopimwa, ziongezwe kwa wakati. Mteknolojia hupaka tone la damu kwenye slaidi, hulipaka rangi ya Giemsa na kuhesabu kwa hadubini ni chembe ngapi zimeambukizwa. Jicho lililozoea hutambua kimelea kichanga chenye umbo la pete, kilichokomaa, na kinachokaribia kupasua chembe. Bakteria au kuvu wakipenya kwenye chupa, kazi ya wiki kadhaa hupotea. Ndiyo maana akiba ya vimelea hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika.

Profesa huchagua maswali ya utafiti, hutafuta fedha na hubeba dhamana ya maadili. Watafiti waliohitimu uzamivu huongoza majaribio makubwa, na kila mwanafunzi hupewa swali lake: kwa mfano, jinsi kimelea kinavyoingia kwenye chembe, au dawa fulani inavyokiua.

Maabara nyingine zina chumba cha mbu chenye milango miwili na nyavu. Wafugaji hulea viluwiluwi wa Anofelesi hadi wawe mbu kamili, kisha huwanywesha mbu jike damu yenye vimelea kupitia utando mwembamba uliopashwa joto. Baada ya wiki mbili hivi vimelea hufika kwenye tezi za mate. Ili kuvipata, mtaalamu hupasua mbu mmojammoja kwa sindano chini ya hadubini, kazi inayodai mkono mtulivu na subira.

Wataalamu wa kompyuta husoma vinasaba. Mpangilio kamili wa vinasaba vya Plasmodium falciparum ulichapishwa mwaka 2002: herufi za kemikali zipatazo milioni 23 na jeni zaidi ya 5,000. Mwaka 2014 mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13 yalibainika kuhusiana na usugu dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto za malaria. Mabadiliko ya aina hiyo sasa yamethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Ugunduzi huo huanzia mbali na maabara: mzazi anaridhia, muuguzi wa zahanati anachukua tone la damu ya mtoto na kulikausha kwenye karatasi maalumu.

Usalama ni wajibu wa kila mtu humo. Malaria haiambukizi kwa hewa, lakini kuchomwa na sindano au kigae chenye damu ya vimelea kunaweza kuleta ugonjwa. Mfanyakazi anayepata homa hupimwa malaria, hata akiwa katika nchi isiyo na ugonjwa huo.

Matunda ya kazi hii yameonekana. Chanjo ya R21, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, ilijaribiwa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto. Hata hivyo, ajira za wengi maabarani hutegemea mradi wenye mwisho. Fedha zikikatika, mteknolojia aliyejifunza kwa miaka huondoka na ujuzi wake. Vyuo vikuu na serikali za nchi zinazoteswa na malaria hazina budi kuwapa watu hawa ajira za kudumu, kwa maana usugu wa dawa hautasubiri mradi mwingine uanze.