Dawa za Kuchangamsha na Mtoto Tumboni (2): Wale "Watoto wa Kreki" Waliishia Wapi?

Kwa msomaji aliyeikosa sehemu ya kwanza: kokeini hubana mishipa ya damu. Mishipa ya mji wa mimba ikibanwa, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua, na kijusi hukosa oksijeni na chakula. Ndiyo maana mtoto huweza kuzaliwa kabla ya siku zake, mwepesi, na kichwa kidogo. Pengine kondo hubanduka mapema, mama akavuja damu na roho mbili zikawa hatarini. Juu ya hayo hakuna ubishi. Ubishi ulizuka watu walipouliza mtoto huyo akikua atakuwa mtu wa namna gani.

Mwaka 1985 daktari Ira Chasnoff na wenzake wa Chicago walichapisha taarifa kuhusu wajawazito 23 waliotumia kokeini. Ishirini na watatu hawajazi hata basi. Lakini kreki, kokeini ya kuvuta inayouzwa kwa bei ya chini, ilikuwa imeshaingia kwa kishindo katika mitaa ya watu weusi maskini wa Marekani, na magazeti na televisheni hazikuwa na subira. Likapatikana jina, "watoto wa kreki", na pamoja na jina ukapatikana utabiri: hawatasoma, hawatampenda mtu, watajaza magereza. Huko Charleston, South Carolina, hospitali ya umma ilipima mikojo ya wajawazito na kuwapelekea polisi majibu. Wanawake walikamatwa, wengi wao weusi. Ilikuwa hadi mwaka 2001 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kupima hivyo, bila ridhaa ya mama wala hati ya upekuzi, ni kuvunja katiba.

Wakati kelele zikiendelea, daktari wa watoto wachanga aitwaye Hallam Hurt alikuwa Philadelphia akifanya kazi isiyo na kelele. Kuanzia 1989 alikusanya watoto 224. Nusu yao mama zao walitumia kokeini wakiwa wajawazito, nusu hawakutumia. Napenda msomaji autazame vizuri mzani huu, kwa kuwa uzito wa jambo zima uko hapo. Hurt alichagua watoto waliotimiza siku zao au waliokaribia, ili udhaifu wa njiti usije ukabebeshwa kokeini. Na makundi yote mawili aliyatoa katika familia maskini za mji uleule. Aliyekuja kabla yake akimlinganisha mtoto wa kibanda kibovu na mtoto wa nyumba ya vigae, kisha akasema tofauti ni dawa, alikuwa anapima nini hasa?

Watoto walipotimiza miaka minne walipimwa akili. Waliokumbana na kokeini tumboni walipata wastani wa alama 79.0, wenzao walipata 81.9. Tofauti haina uzito. Kinachoshtua ni kwamba makundi yote mawili yalikuwa chini, kwa maana kawaida ya watoto wa Marekani wa umri huo ni kati ya 90 na 109. Hurt akageuza swali lake, akaanza kuchunguza nyumba na mitaa. Watoto walipofika miaka saba, asilimia 81 walikuwa wameshaona mtu akikamatwa, asilimia 74 wamesikia milio ya risasi, na asilimia 35 wamemwona mtu akipigwa risasi. Miaka saba tu.

Asije mtu akanielewa kwamba kokeini haina neno. Tafiti nyingine zimekuta dosari ndogondogo katika umakini na katika kujizuia, nazo ni halisi. Methamfetamini nayo ilifuatiliwa Marekani na New Zealand: watoto wa miaka mitatu na mitano waliokuwa wameipata tumboni walionekana kuwa na wasiwasi na huzuni zaidi kuliko wenzao, na hisia zao zilipanda upesi. Hizo ni tofauti za kiasi. Mwalimu mvumilivu anaweza kuishi nazo. Mwalimu aliyekwisha kuambiwa kwamba huyu ni "mtoto wa kreki" pengine hata hajaribu.

Na sisi? Kichangamshi chetu kinafungwa kwenye jani la mgomba. Miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi na ni marufuku, ina katinoni, kemikali iliyo jamaa ya karibu ya amfetamini. Nayo hupandisha shinikizo la damu na hubana mishipa. Uchunguzi uliofanywa Yemen uliona kwamba akina mama waliotafuna walizaa watoto wenye uzito mdogo kuliko wasiotafuna. Juu ya akili na tabia za watoto hao wakikua, hatujapata Hurt wetu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki moja hapa pwani, mama mwenye mimba ya miezi saba alifungua mkoba kutafuta kadi yake. Kikatangulia kutoka kifungu cha miraa na pakiti ya njugu. Akaona nimeona.

"Daktari, mimi silewi. Haya ni majani tu."

Nilikuwa tayari na hotuba yangu. Badala yake nikamwuliza analala saa ngapi kwa siku. Akacheka. Alikuwa akiuza viazi karai barabarani hadi saa nane za usiku, na alfajiri yuko sokoni.

"Nikilala mimi, daktari, karai atalikalia nani?"

Uzito wake ulikuwa umepungua kilo moja tangu mwezi uliotangulia. Miraa hukata njaa.

(Itaendelea: miraa na maziwa ya mama.)