Biashara ya chatu: Hesabu miaka ya shamba kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayevusha mahindi, maharage au mayai ya kuku Busia, Namanga au Mutukula anazijua karatasi zake. Mzigo usiozidi Dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chatu hapiti kwa cheti hicho, hata akiwa mmoja na hata akiwa mdogo kama mshipi wa suruali.

Hili ni muhimu kwa yeyote anayeshawishiwa kuweka mtaji katika nyoka hawa, wanaotafutwa kwa ngozi inayotengenezwa mikoba na viatu, au kwa kufugwa nyumbani huko Marekani na Ulaya. Anayetoa fedha kabla ya kuuliza maswali anaweza kupoteza mzigo na uhuru wake kwa siku moja.

Herufi moja kwenye kibali

Chatu wote wamo katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Chatu wa Afrika wako katika Kiambatisho cha Pili. Maana yake biashara haikukatazwa, ila kila mnyama au ngozi inayovuka mpaka lazima iwe na kibali cha nchi inakotoka. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama.

Katika kibali hicho huandikwa herufi inayoeleza asili ya mnyama. W ni wa porini. R ni aliyechukuliwa porini akiwa yai au mchanga, akakuzwa shambani. F ni aliyezaliwa kifungoni lakini shamba bado halijatimiza masharti yote. C ni aliyezalishwa kifungoni na wazazi waliopandana humo humo, katika shamba lenye wazazi waliopatikana kihalali na lililothibitisha kwamba linaweza kufikia kizazi cha pili.

Udanganyifu mwingi huanzia hapo. Mtu hukamata jike mwenye mimba porini, akamfungia, akataga, kisha watoto wakaitwa wa shambani. Hao hawastahili herufi C. Mnunuzi anaweza kuugundua mchezo huo kwa hesabu tu. Chatu jike huchukua miaka mitatu au zaidi kukomaa. Shamba lililofunguliwa mwaka jana haliwezi kuwa na wajukuu.

Kutoka yai hadi mlo wa kwanza

Ufugaji wenyewe unahitaji subira. Chatu mkubwa wa Afrika mara nyingi hufikia urefu wa mita tatu hadi tano. Jike hutaga mayai kuanzia 20 na wakati mwingine karibu 100. Huyazungushia mwili wake na kukaa bila kula mpaka yaanguliwe. Huko Afrika Kusini, watafiti wamebaini kwamba jike huota jua nje ya shimo, kisha hurudi kuyapa mayai joto lake, na hukaa na watoto kwa takriban wiki mbili baada ya kuanguliwa.

Wafugaji wengi huyaondoa mayai na kuyaweka kwenye mashine ya kutotolesha, yenye joto la nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi na unyevunyevu wa kutosha. Tofauti na yai la kuku, yai la chatu haligeuzwi: likigeuzwa, kijusi kinaweza kufa. Yaliyogandana hayabanduliwi kwa nguvu. Umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, hasara inaweza kuwa ya mayai yote.

Baada ya miezi miwili hadi mitatu, mtoto hupasua ganda kwa jino dogo la puani. Hukaa humo saa 24 au zaidi akimalizia kiini. Anayemvuta nje kwa haraka humjeruhi. Akitoka ana urefu wa takriban sentimita 50 hadi 60.

Kila mtoto hutengwa katika kasha lake, lenye maji safi, mahali pa kujificha, upande wenye joto na upande wa baridi. Hali chochote mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Ndipo hupewa panya mdogo, asiyezidi unene wa mwili wake, kila baada ya siku tano hadi saba. Wapo wanaogoma kula kwa wiki kadhaa, na hao ndio hupunguza faida. Chatu hana sumu, lakini huuma. Mkubwa hashikwi na mtu mmoja, na mikono huoshwa kila mara kwa sababu nyoka hubeba bakteria wa salmonela.

Kabla ya kufika mpakani

Sheria za nchi hazifanani. Kenya inatumia Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 na Uganda ile ya mwaka 2019, na kote mfugaji anahitaji leseni. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Ulizia msimamo wa sasa katika ofisi ya wanyamapori ya nchi unayotoka na ya ile unayokwenda.

Kwa muuzaji, omba kuona leseni ya shamba, daftari la utagaji lenye tarehe, karatasi za ununuzi wa wazazi na cheti cha daktari wa mifugo. Siku za safari, nyoka asiwe amelishwa karibuni, maana atatapika. Afungwe katika mfuko wa kitambaa ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa.

Muuzaji akisema kibali kitafuata baadaye, usitoe hata shilingi ya kianzio.