Kobayi mu parsele kidogo: kibanda tuweke wapi?

Bakamarade wa Karavia, mwenye kufuga kobayi anapata nyama hata mushahara ikichelewa, lakini parsele zetu ni kidogo. Jikoni hapana: moshi ya mbabula inaharibu mapafu yao. Karibu na dirisha ya baba mwenye kutoka kazi ya usiku, hapana tena. Kobayi akisikia majani analia kama filimbi, na baba halali.

Muchague ukuta wa kaskazini. Mwezi wa 6 na wa 7 upepo ya baridi inatoka kusini-mashariki: nyumba inaizuia, na jua inafika pale. Mwezi wa 10 jua iko juu ya kichwa, bati ya baraza inaleta kivuli. Joto ikipita digri 30, kobayi anaweza kufa.

Kibanda muinue na matofali, sababu ya mvua na panya. Na salopeti ya kazi musianike juu yake: vumbi ya mine inaangukia majani yao, kisha sisi tunakula.